Andika Bei ya Joto Kwanza

Usiku wetu wa tatu kwenye nyumba mpya, mama aliniita saa tisa. "Mwanangu, amka. Nyumba inalia." Nilikwenda chumbani kwake na tochi ya simu. Shuka lilikuwa na madoa ya maji, mto umelowa upande wa ukutani, na tone jingine likaanguka mbele ya macho yangu. Nikatoka nje kuangalia. Hapakuwa na mvua wala wingu; nyota zilitanda juu ya Meru na baridi ya Julai ilikuwa inakata masikio. Nikarudi ndani, nikapanda kiti, nikapitisha kiganja chini ya bati. Kikatoka kimelowa chapachapa.

Bati lilikuwa zima, halina tundu hata moja. Lilikuwa linatoa jasho.

Mama ana miaka 74. Amezaliwa na kuzeekea Kahe, kule chini ya Moshi ambako hata usiku watu hulala madirisha wazi. Nilimleta kwangu awe karibu nami, kwenye nyumba niliyomwahidi kwa miaka minne, nikaja kumlaza chini ya matone. Kosa lile halikufanywa na fundi wa bati. Lilianzia kwenye daftari langu la bajeti, miezi mingi kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, na kila nikiona jirani anapanga kujenga kwa fremu za chuma huku kwetu juu, natamani niombe nione daftari lake kwanza.

Mimi ni fundi seremala. Natengeneza vitanda, makabati na milango, na kijana ninayefanya naye kazi anachomelea mageti na madirisha. Kwa miaka kumi na moja nililipa kodi mbili: nyumba mtaa wa Sakina, na fremu ya kazi barabarani. Zote mbili kwa miezi sita sita, na mara nyingi zilikutana mwezi mmoja. Mwenye kulipa kodi mbili za namna hiyo anajua kwa nini nilitaka kuishi na kufanya kazi chini ya paa moja. Kiwanja kipo juu kidogo ya Ngaramtoni, mahali ambapo Juni mpaka Agosti tunavaa masweta hadi saa nne asubuhi. Mji wa Arusha wenyewe uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu zaidi ya hapo.

Jengo lina upana wa mita 8 na urefu wa mita 18. Mita 11 ni karakana, mita 7 ni nyumba: vyumba viwili, sebule, jiko na choo. Nilichagua chuma kwa sababu nilitaka karakana isiyo na nguzo katikati. Ubao wa mita nne ukiugeuza kwenye msumeno wa meza, nguzo ya katikati ni adui. Sababu ya pili ni ya woga, na siionei haya. Julai 2007 ardhi ilitetemeka siku kadhaa mfululizo upande wa milima ya Gelai na Ol Doinyo Lengai. Tetemeko kubwa la tarehe 17 lilifika kipimo cha 5.9 na sisi huku tulikimbilia nje na watoto. Tangu siku ile nikiona ukuta mrefu wa tofali usio na nondo, roho yangu haitulii. Fremu ya chuma iliyofungwa vizuri hupinda na kurudi.

Nilianza bajeti kwa shilingi kamili, nikaacha. Bei ya chuma ilikuwa inabadilika kati ya wiki niliyouliza na wiki niliyorudi na pesa. Nikaanza kuandika kwa mia: katika kila shilingi 100 nitakazotumia, ngapi ziende wapi? Hesabu ya namna hiyo haichakai haraka. Daftari la kwanza lilisema fremu na bati 45, msingi na jamvi (sakafu ya zege) 15, kuta 14, umeme na maji 8, milango na madirisha 8, dharura 10. Ukijumlisha unapata mia kamili. Nilijisikia nimemaliza kazi.

Sasa angalia tena orodha ile. Joto liko wapi?

Mdogo wangu yuko Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani. Anatengeneza magari, na yeye naye mwaka ule alikuwa anajenga nyumba na gereji pamoja kwa fremu ya chuma. Tulikuwa tunapigiana simu Jumapili, mimi nikitoka kanisani, yeye akiamka, kila mtu na daftari lake. "Dada, wewe una bahati," aliniambia. "Mimi kabla sijasimamisha kitu chochote, nimeshazika pesa ardhini." Kaskazini mwa jimbo lile kanuni za ujenzi zinataka msingi ushuke futi 5, yaani mita moja na nusu, ili ukae chini ya udongo unaoganda. Udongo wenye maji ukiganda huvimba, ukivimba huinua msingi, na ukiyeyuka huuachia. Kusini mwa jimbo hilo hilo ni futi 3 na nusu. Mahali pale si pa mchezo: mji wa Tower, huko huko kaskazini, ulipimwa nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996. Kwa hiyo kwenye daftari lake mstari wa kwanza ulikuwa msingi, wa pili joto, yaani sufi ya kuzuia joto lisitoroke, povu gumu chini ya jamvi, madirisha ya vioo viwili na tanuri la kupasha nyumba. Chuma kilikuja wa tatu, na hakikufika robo ya pesa zake.

Nilisikia vizuri. Lakini nilisikia kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Niliichukua michoro yake nikayaacha mawazo yake, na ningefanya kinyume chake ningepona.

Michoro ile ilinigharimu wiki tatu. Nilimpelekea fundi chuma wa mjini, akapiga hesabu, akaniletea tani 7.8 za chuma. Nilikaa chini. Nikaenda kwa mhandisi aliyesajiliwa, nikamlipa ada iliyoniuma, akaitazama karatasi akauliza, "Huyu alikuwa anajenga wapi?" Kule kaskazini mwa Minnesota theluji iliyolala ardhini huhesabiwa kwa uzito wa pauni 60 kwa futi ya mraba, karibu kilo 290 kwa kila mita ya mraba, na mzigo wa paa hutolewa kwenye hesabu hiyo. Nguzo zile zilichorwa zibebe theluji. Paa langu lina kazi ya kubeba bati, upepo, na fundi anayepanda kulitengeneza. Michoro mipya ilitoka na tani 4.1. Ada ya mhandisi ilirudi kabla hata sijanunua kipande kimoja, na kama una pesa ya kumlipa mtaalamu mmoja tu, mlipe huyo.

Ila naye alinionyesha jambo ambalo sikulitarajia. Nyumba ya tofali tunaihofia kuzama. Nyumba nyepesi ya chuma unaihofia kupaa. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na jengo langu lote lilikuwa jepesi kuliko lori la mchanga. Kwa hiyo chini ya kila nguzo tulimwaga zege zaidi ya nilivyopanga, na bolti nne ndefu zilizama ndani yake kushika bamba la chuma. Zege lina uzito wa kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, na pale kazi yake kubwa ni uzito huo. Msingi ukapanda kutoka 15 hadi 19.

Kwenye kununua chuma nina jambo la kusema kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo pesa hutoka kimyakimya. Skwea paipu ya milimita 100 kwa 100 yenye ukuta wa milimita 3, urefu wa mita 6, ina uzito wa karibu kilo 54. Ile ile yenye ukuta wa milimita 2.5 ina karibu kilo 45. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hasa zikiwa zimepangwa na mafuta ya kiwandani juu yake. Mzigo wangu wa kwanza uliandikwa milimita 3 kwenye risiti. Nilikuwa na mzani wa kuning'iniza ninaopimia mbao. Nikapima paipu tatu, zote zilikuwa kilo 45 na kitu. Niliirudisha lori nzima, tukabishana mpaka jioni, na siku ya tatu yakaja mabomba ya kilo 54. Mhandisi alihesabu usalama wetu kwa milimita 3. Nusu milimita ile ilikuwa pesa yangu na ilikuwa pia usingizi wa mama yangu chini ya paa lile. Nunua mzani. Na uliza mapema kama bei uliyoandikiwa ina VAT ndani, maana asilimia 18 ikija nyuma kama mgeni asiyealikwa hula fungu lote la dharura.

Mimi langu liliwahi kuliwa namna hiyo. Ilipofika Mei dharura ilikuwa imebaki shilingi 2 katika mia, masika yametuchelewesha, na kodi ya Sakina inaisha mwisho wa Juni. Nilikata dari. Nilijiambia tutaingia, tutalala chini ya bati kwa muda, dari itakuja pesa ikipatikana. Tukahamia Julai.

Turudi kwenye jasho. Asubuhi za kiangazi huku kwetu utakuta umande umejaa juu ya paa la Noah iliyolala nje, hata kama hakuna tone la mvua. Bati la nyumba hufanya vivyo hivyo. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake kuelekea angani, likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa ya ndani, iliyopashwa na watu na jiko, ina mvuke. Ikigusa bati, mvuke unageuka maji. Chuma hupitisha joto takriban mara 400 kuliko ubao wa msindano, na nyasi nazo hazipitishi joto kirahisi, ndiyo maana paa la nyasi la bibi halikuwahi kumlilia mtu.

Maji yale yalitoka wapi? Nilipoanza kuyahesabu nilishangaa. Ukiunguza kilo moja ya gesi ya kupikia, inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Watu wanne wanaopumua usiku kucha wanaongeza. Halafu ikaja karakana. Nilikuwa nimepanga mbao mbichi za msindano hadi juu kwenye ukuta wa pili wa sebule, nikifurahi kwamba hatimaye nina mahali pa kuzikaushia palipofunikwa. Mita moja ya ujazo ya mbao hizo ikishuka kutoka unyevu wa asilimia 30 hadi 12 hutoa karibu lita 80 za maji. Nilikuwa na mita za ujazo mbili na nusu. Na ukuta wa katikati ulikuwa umeishia kwenye usawa wa linta, juu yake wazi, hewa ya karakana inapita kama mwenyewe hadi kitandani kwa mama. Hilo ni jambo la nyumba na karakana kuishi pamoja ambalo hakuna mtu aliyenitajia: kila karakana inachotoa, iwe vumbi, kelele, moshi au mvuke, nyumba hukipokea, mpaka uandike bei ya kukizuia.

Nilimpigia mdogo wangu nikalia. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja: "Dada, upande wenye joto umeweka nini?" Kule kwao, alinieleza, karatasi ya nailoni huwekwa upande wa ndani, wenye joto, ili mvuke usifike kwenye baridi, ndipo sufi ifuate, ndipo chuma. Akanipa na kipimo ambacho nimekipenda: sentimita 5 za sufi ya kioo huzuia joto kupotea kama ukuta wa zege wenye unene wa zaidi ya mita moja.

Kazi ya kurekebisha ilichukua siku kumi na sita. Tulifungua bati zote za upande wa nyumba, skrubu moja moja. Mpira wa chini ya skrubu ukishatolewa haushiki tena vizuri, hivyo tulinunua skrubu nyingine nene zaidi, na bati nne zilipinda hazikurudi. Chini ya bati tukaweka karatasi ya foili inayong'aa, tukaacha nafasi ya hewa na matundu ya kupumulia kwenye kilele. Kati ya papi tukalaza sufi ya kioo ya sentimita 5, chini yake nailoni iliyounganishwa kwa gundi, kisha dari ya gipsamu. Nguzo za chuma zilizoonekana ndani nilizivalisha mimi mwenyewe vipande vya mbao vya inchi mbili kwa mbili kabla ya kuzifunika, maana nguzo inayotoka nje hadi ndani huleta baridi moja kwa moja na hulowa kama bati. Mbao mbichi zikahamia banda la wazi uani. Banda lile lilikuwa la bei ndogo kuliko vyote, na ndilo lingepaswa kujengwa la kwanza.

Joto, ambalo daftari la kwanza halikulitaja kabisa, lilimaliza shilingi 13 katika mia. Nimekaa nikapiga hesabu ya lingekula ngapi kama lingeingia kabla bati hazijafungwa: 8. Zile 5 za katikati ni pesa ya kufungua nilichokwisha kufunga.

Upande wa karakana sikuweka sufi. Mtu anayepiga randa hapati baridi, na vumbi la mbao likikaa juu ya sufi na nyaya halinipi amani. Kule karatasi ya foili na matundu ya hewa vinatosha. Sioni sababu ya kupasha joto mita zote 18 kwa ajili ya watu wanaolala kwenye 7.

Kuna jambo moja naomba lisikilizwe kwa makini. Watu wetu baridi ikizidi huingiza jiko la mkaa chumbani. Kwenye nyumba inayopitisha upepo kila pembe, wengi wameponea hapo bila kujua. Nyumba ukishaiziba vizuri kwa nailoni na sufi, jiko lile linaua. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikohoa. Nilitoboa matundu mawili ya hewa kila chumba, moja chini na moja juu, na nikamwambia mama kwa heshima zote kwamba jiko halivuki mlango. Alininunia siku mbili. Nikamnunulia chupa za mpira za maji ya moto, moja ya miguuni na moja ya mgongoni, akasema afadhali.

Ukuta wa kati sasa ni tofali za bloku zenye lipu pande zote mbili, umepanda mpaka umegusa bati na kuzibwa. Mlango wake ni mmoja, mzito, wa mbao ngumu uliofunikwa bamba la chuma. Cheche ya kuchomelea inaweza kulala kwenye maranda saa nzima kabla ya kuwaka. Na chuma hakiungui lakini kikifika nyuzi 550 hivi hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, kwa hiyo paa linaweza kukushukia kabla moto haujakufikia. Chumba cha mama kiko mwisho kabisa, mbali na karakana, na kina mlango wake wa kutokea nje. Kila jioni kabla ya kufunga, kijana hufagia na kumwagia maji mahali alipochomelea, kisha tunakaa saa nzima ndipo tunafunga.

Mengine ni ya kawaida. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kiombe ukitaja wazi kwamba ni makazi na karakana, na mahali pa kazi pasajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa sheria ya 2003. Umeme wa fezi tatu uulizie TANESCO mapema, na weka mita mbili za LUKU. Bila mita ya pili huwezi kujua kitanda ulichouza kimekula umeme kiasi gani, ukaishia kuilisha karakana kwa pesa ya unga. Maungio yote yaliyochomelewa yasafishwe na kupigwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Sisi tuliacha mawili kwa wiki ya mvua, na mpaka leo nayakwangua.

Daftari la pili, lile ninalowaonyesha wanaokuja kuuliza, linaanza na joto. Halafu msingi. Halafu ukuta wa kati na banda la mbao. Chuma ni mstari wa nne, shilingi 34, na dharura nimeiandika kwa kalamu nyekundu ili mkono wangu uogope kuigusa.

Julai iliyofuata nilinunua vipimajoto viwili vidogo, kimoja nikakitundika nje kwenye nguzo, kimoja chumbani kwa mama. Saa kumi na moja alfajiri nje palikuwa nyuzi 9. Chumbani 18. Nilipanda kile kiti cha mwaka jana nikashika dari, ilikuwa kavu kama meza. Mama akauliza kutoka kitandani, "Unatafuta nini huko juu?" Nikamwambia natazama tu. Nikashuka, nikaandika namba zile mbili kwenye ukurasa wa mapato, nikazipiga picha nikamtumia mdogo wangu, kisha nikaenda kuulizia bei ya mifereji ya bati kabla vuli haijafika.